Maswali Yenu: Kujifunza Kilimo cha Jadi Vijijini Thailand

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu safari za mafunzo mashambani Thailand. Wengi mmeuliza kampuni ipi ya kusafiri nayo. Sisi tunaanzia kwenye mpunga, kwa sababu ndio unaopanga ratiba ya kijiji, na mgeni asiyeijua ratiba hiyo hulipia ziara akakuta kazi imeshaisha.

Mwakani nina likizo ya wiki mbili. Nataka kushika kazi ya shamba kwa mikono yangu, si kupiga picha kando ya jaruba. Niende mwezi gani na mkoa upi? (Bwana shamba mstaafu)

Mzee wetu, amua kwanza unataka kushika kazi ipi. Ukishaamua, mwezi unajulikana. Isan, yaani kaskazini-mashariki ya nchi, ndiyo yenye eneo kubwa zaidi la mpunga, na sehemu kubwa hutegemea mvua. Huko mbegu husiwa kitaluni Mei na Juni, miche hupandikizwa Julai hadi katikati ya Agosti, na mundu huingia shambani Novemba.

Tarehe ya mavuno unaweza kuikadiria ukakosea kwa siku chache tu. Mbegu maarufu ya mchele wa kunukia, Khao Dawk Mali 105, iliyopitishwa rasmi mwaka 1959, huchanua kwa kufuata urefu wa mchana. Mchana unapofupika huchanua kati ya tarehe 20 na 25 Oktoba, iwe ilipandwa Juni au Agosti, na huwa tayari kuvunwa karibu na tarehe 25 Novemba. Mbegu nyingine, RD15, hutangulia, karibu na tarehe 10 Novemba. RD6, ambayo ni ya mchele wa kunata unaoliwa kila siku Isan, huwahi Dawk Mali kwa siku chache. Kwa hiyo ukiwa Surin, Roi Et au Yasothon katika nusu ya pili ya Novemba, utakuta watu wanavuna. Hapo pia kuna somo ambalo bwana shamba atalipenda: aliyechelewa kupanda haongezewi muda. Mpunga wake unachanua siku ileile ya jirani ukiwa bado mfupi na una machipukizi machache, na gunia linapungua. Mwombe mwenyeji akuonyeshe majaruba mawili yaliyopandwa kwa tarehe tofauti.

Septemba mashamba yanapendeza mno kwa kijani, lakini mgeni hana kazi ya kufanya. Februari hadi Aprili usiende milima ya kaskazini kama kifua chako ni dhaifu, kwani moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hufunika mabonde. Kama likizo yako haisogei, nenda Suphan Buri, kilomita 100 hivi kutoka Bangkok. Huko kuna umwagiliaji na mbegu zisizofuata urefu wa mchana, hivyo hatua zote huonekana karibu mwaka mzima.

Mei ina jambo lake la pekee: Sherehe ya Kifalme ya Kulima katika uwanja wa Sanam Luang, Bangkok, iliyofufuliwa mwaka 1960. Tarehe hutangazwa kila mwaka. Maksai wawili hutengewa mpunga, mahindi, choroko, ufuta, maji, majani na pombe, na wanachokula ndicho kinachotumika kuutabiri mwaka. Kiongozi wa sherehe naye huchagua kitambaa kimoja kati ya vitatu bila kujua urefu wake. Kifupi hutabiri maji mengi, kirefu maji machache. Sherehe ikiisha watu hukimbilia uwanjani kuokota mbegu zilizomwagwa, wakazichanganye na za kwao.

Nimeona tangazo la "nusu siku ya mkulima": kofia, picha na dakika 20 za kupanda. Mafunzo ya kweli yanapaswa kuwa na nini?

Yanapaswa kukupitisha kwenye mnyororo mzima, na kukueleza kila hatua ina sababu gani. Nusu siku haitoshi. Usiku mbili kijijini ndio mwanzo wa kuelewa.

Kazi huanza kwenye ndoo. Kwa kuchagua mbegu, lita 10 za maji hutiwa kilo 1.7 ya chumvi na kukorogwa mpaka iyeyuke. Mbegu zikimiminwa, pepe na zilizojaa nusu huelea na kuenguliwa. Zilizozama huoshwa papo hapo kwa maji safi, kwa sababu chumvi ikibaki inaharibu uotaji. Kisha hulowekwa kwa saa 12 hadi 24 na kufunikwa kwa gunia bichi siku moja au mbili, mpaka ncha nyeupe ichomoze. Ukizisahau hapo, vizizi vinashikamana na kukatika unapozitenganisha. Mgeni hawezi kungoja mwezi mzima miche ikue, kwa hiyo mwenyeji mzuri huwa ameandaa kila hatua mapema: ndoo ya leo, kitalu cha siku kumi, na kitalu cha siku 25 hadi 30 kilicho tayari kung'olewa. Uliza jambo hilo kabla ya kulipa. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu waandaaji.

Shamba lenyewe hulimwa mara mbili. Mlimo wa kwanza hugeuza udongo, nalo huachwa wiki moja au mbili magugu yafe na kuoza. Wa pili hukatiza wa kwanza. Kisha maji yakiwa yamesimama hupitishwa haro ya mbao yenye meno mpaka tope liwe laini kama uji. Tope hilo linapotulia huziba njia za maji kushuka chini, na ndiyo sababu jaruba linashika maji. Kusawazisha nako si urembo: mahali palipoinuka juu ya maji huota magugu, na penye shimo miche huzama.

Kung'oa miche kuna ufundi wake. Unashika michache karibu kabisa na udongo, unavuta kwa ubavu badala ya kwenda juu, kisha unainua mguu na kupigiza mizizi kwenye unyayo wako mpaka tope lidondoke. Fungu hufungwa kwa ukanda mwembamba wa mwanzi, na miche mirefu hupunguzwa ncha za majani ili upepo usiilaze.

Kupandikiza ndiko wageni wanakoharibu zaidi. Unarudi kinyumenyume, miche mitatu kila shina, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, kina cha sentimita 3 hadi 5, maji yakiwa haba. Kosa la kwanza ni kuchomeka mche ndani ya alama ya unyayo wako mwenyewe: pale tope ni jepesi na baada ya saa moja mche unaelea. Panda kati ya nyayo. La pili ni kusukuma kwa vidole vyote, mizizi ikakunjika na kuelekea juu, na mche hukaa siku nyingi ukiwa wa manjano. Tumia kidole gumba, na mizizi itangulie. La tatu ni kuzamisha sana, na machipukizi huchelewa.

Sasa piga hesabu. Kwa nafasi hiyo mita moja ya mraba hubeba mashina 16. Rai moja, kipimo cha ardhi cha Thailand, ni mita za mraba 1,600, yaani mashina 25,600 yaliyopandwa mgongo ukiwa umeinama. Ukishapanda mistari kumi utaelewa kwa nini vijiji vilikuwa na long khaek, kazi ya ujima ambapo kaya zote huhamia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, mwenye shamba akilisha wote.

Ukienda msimu wa mavuno, angalia mabua yaliyokatwa yanavyolazwa juu ya visiki yakauke kwa jua siku mbili tatu. Yakizidi hapo, punje hupata nyufa na kinuni zinatoka chenga. Kupura hutumia vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba: vinakaba mganda shingoni, nawe unaupiga juu ya ubao. Kisha hupepetwa, na mpunga huingia ghalani unyevu ukiwa hauzidi asilimia 14. Ukizidi, ukungu na wadudu hupata makao.

Mwenyeji mkweli atakuambia pia kwamba wakulima wengi wa Thailand leo humwaga mbegu moja kwa moja shambani na kukodi mashine ya kuvunia. Pawatila, yaani trekta dogo la kulimia linaloongozwa kwa mikono, wenyeji huliita "nyati wa chuma". Jaruba unalopanda kwa mkono huenda limetengwa kwa mafunzo, au ni la mpunga wa kula nyumbani. Si udanganyifu mradi umeambiwa. Tunapendelea programu inayoonyesha njia zote mbili na gharama zake, maana urithi unaofichwa jirani yake wa kisasa hauelezi kwa nini watu waliuacha.

Ni sawa kupanda mgongoni mwa nyati-maji? Na wapi naweza kuona nyati akifundishwa kazi?

Kwa kufundishwa, iko Shule ya Kasorn Kasiwit mkoani Sa Kaeo, chini ya Taasisi ya Chaipattana, ambako nyati na mkulima wake hujifunza pamoja kuvuta plau na haro. Suphan Buri, wilaya ya Si Prachan, kuna kijiji cha kuhifadhi nyati wa Thailand chenye nyumba za mtindo wa zamani. Chonburi wana mbio za nyati kila mwaka kuelekea mwisho wa mfungo wa Kibuddha, kwa kawaida Oktoba.

Kuhusu kumpanda: watoto wa wakulima wamewapanda nyati tangu zamani, na mtu mmoja kwa mwendo mfupi hamdhuru mnyama mzima mwenye afya. Tatizo ni saa na joto. Nyati-maji ana tezi chache mno za jasho na ngozi yake nyeusi hunyonya jua, kwa hiyo hupoza mwili kwa kugaagaa topeni. Kijadi hufanya kazi alfajiri na kupumzika jua linapopanda. Ukimkuta amefungwa juani saa sita mchana akingoja wageni, huku hakuna dimbwi la kugaagaa karibu, usimpande, na mwambie mwenyeji sababu. Tazama pia pua: kamba hupita kwenye tundu la puani, na tundu lenye kidonda kibichi linaonyesha anavutwa kwa nguvu badala ya kuongozwa.

Nafundisha kilimo sekondari na napanga ziara ya wanafunzi. Nimesikia habari za "Nadharia Mpya" ya Mfalme Bhumibol. Ni nini hasa, na inaonekana wapi?

Mwalimu, hili ndilo somo tunaloliona lina faida kubwa kuliko yote kwa wanafunzi, kwa sababu ni hesabu kabla ya kuwa jembe. Ni mpango wa kugawa shamba dogo la familia, rai 10 hadi 15, ili maji yatoshe mwaka mzima bila mfereji wa serikali. Mgawo unaofundishwa ni 30:30:30:10. Asilimia 30 ni bwawa, 30 mpunga, 30 miti ya matunda na mazao mengine, na 10 makazi, mifugo na njia.

Kiini chake ni bwawa, na hesabu yake wanafunzi wanaweza kuifanya ubaoni. Mahitaji hukadiriwa kwa mita za ujazo 1,000 za maji kwa kila rai inayolimwa. Siku isiyo na mvua, bwawa hupoteza sentimita moja hivi kwa mvuke. Zikiwa siku 300 za namna hiyo, mita tatu zimekwenda. Ndiyo maana bwawa linatakiwa liwe na kina cha mita 4. La mita mbili, hata likiwa pana vipi, litakauka kabla mvua haijarudi. Katika mfano wa awali wa rai 15, bwawa lilikuwa rai 3, mpunga rai 5, mazao mengine rai 5, makazi na mengineyo rai 2. Rai 3 kwa kina cha mita 4 ni mita za ujazo 19,200. Waulize wanafunzi: kingo zikichimbwa kwa mteremko, zitapungua ngapi?

Yanayoharibika ni mawili. Bwawa likichimbwa kwenye mchanga maji hupotea chini, kwa hiyo udongo hupimwa kwanza. Na mchimbaji akitupa udongo wa chini juu ya ule wa rutuba, mwenye shamba hubaki na ardhi isiyoota kitu kwa misimu kadhaa. Udongo wa juu hutengwa kando na kurudishwa mwisho. Asilimia zenyewe si sheria. Sehemu yenye mvua nyingi hupunguza bwawa.

Jaribio la kwanza lilifanywa karibu na hekalu la Mongkhon Chaipattana, Saraburi, sio mbali na Bangkok. Vilevile kuna vituo sita vya kifalme vya mafunzo ya maendeleo, kila kimoja kikishughulika na tatizo la eneo lake. Khao Hin Son, Chachoengsao, hufufua udongo wa mchanga uliochoka. Huai Hong Khrai, Chiang Mai, huhifadhi vyanzo vya maji kwa vizuizi vidogo vingi vya mawe na mianzi. Phu Phan, Sakon Nakhon, inahusu Isan. Kwa kundi la shule, andika barua rasmi mapema, taja idadi, umri na somo mnalotaka. Kundi likiwa kubwa, ligawe kwenye nyumba mbalimbali za kijiji. Wanafunzi watatu au wanne kwa nyumba huzungumza na wenyeji wao, kumi huzungumza wenyewe kwa wenyewe.

Mimi na mume wangu ni Waislamu. Je, tunaweza kukaa kijijini bila wasiwasi wa chakula?

Dada, mnaweza, na kusini kuna mahali panapowafaa kabisa: kisiwa cha Ko Yao Noi, katika ghuba ya Phang Nga, ambako wakazi wengi ni Waislamu. Boti huondoka bandari ya Bang Rong, Phuket. Wanakijiji wana mashamba ya mpunga na ya miti ya mpira, huvua samaki, na wamepokea wageni majumbani mwao tangu miaka ya 1990.

Ombeni kuona kazi ya mpira. Hufanywa usiku wa manane, taa ikiwa kichwani, kwa sababu utomvu hutiririka vizuri kukiwa na baridi. Mgemaji hukwangua utepe mwembamba wa gome, chini ya milimita mbili, kwa mteremko unaozunguka nusu ya shina. Akizidisha kina akagusa tabaka hai, gome jipya huota vinundu na upande huo haugemeki tena vizuri. Asubuhi utomvu huchanganywa na asidi kidogo, hugandishwa kwenye sinia na kupitishwa kwenye mashine ya kukandamiza ukawa shuka.

Kwingineko, nyama ya nguruwe ni ya kawaida na vyombo hutumika kwa pamoja, basi taarifuni mapema kwamba mtakula samaki, mayai na mboga. Kwa vya dukani, tafuteni alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand.

Nikijaribu kupika mchele wa kunata unatoka mgumu katikati au uji. Wao wanafanyaje?

Hawauchemshi. Hulowekwa usiku kucha, au kwa uchache saa nne, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mwanzi chenye umbo la koni, kilichoketi juu ya chungu chenye kiuno chembamba. Mgumu katikati maana yake hukuloweka vya kutosha, na kuuongeza muda motoni hakusaidii. Uji maana yake maji ya chungu yamegusa kikapu. Baada ya dakika 15 hivi, tikisa kikapu ili bonge lote ligeuke, la juu liende chini, uendelee dakika nyingine 10. Mwisho umwage kwenye sinia ya mbao na kuukunjua kwa mwiko ili mvuke utoke, ndipo uwekwe kwenye kikapu chenye mfuniko. Ukiruka hatua hiyo, jasho la mvuke hulowanisha wali.

Afya shambani: nijihadhari na nini?

Maji ya majaruba, hasa Isan msimu wa mvua, yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda kutoka mkojo wa panya na mifugo, na udongo wake una bakteria wa melioidosi, ugonjwa hatari wa maambukizi. Vyote hupenya kwenye mikwaruzo. Mwenye kidonda mguuni asiingie topeni. Mwenye kisukari aongee na daktari wake kwanza, maana melioidosi humshambulia vikali. Baada ya kazi oga kwa sabuni mara moja. Ukipata homa ndani ya wiki chache, mwambie daktari kwamba uliingia kwenye maji ya mpunga.

Samaki wa mtoni mbichi usile, hata ukikaribishwa kwa upendo. Minyoo bapa ya ini inayotokana naye husababisha saratani ya njia za nyongo, na Isan imeumia sana kwa hilo. Samaki wa kuchachusha, pla ra, mle akiwa amechemshwa. Mbu wa dengue huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka ni ya asubuhi pia.

Abiria anayetoka nchi zenye homa ya manjano, zikiwemo nyingi za Afrika Mashariki, lazima awe na cheti cha chanjo, iliyochanjwa angalau siku 10 kabla. Tangu tarehe 1 Mei 2025, kadi ya kuwasili hujazwa kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, bila malipo.

Kuna miiko gani ghalani na nyumbani?

Viatu hubaki chini ya ngazi. Ghala ni la Mae Phosop, mama wa mpunga, kwa hiyo usipande bila ruhusa, usikalie magunia, usiruke juu ya mpunga uliotandazwa. Baadhi ya familia hazifungui ghala siku takatifu za Kibuddha, na mwenyeji akikuambia "kesho", usisisitize. Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto, na nyayo hazielekezwi kwa mtu wala sanamu.

Nataka kununua hariri moja kwa moja kwa wafumaji. Nitajuaje si ya kiwandani?

Tafuta alama ya tausi, inayotolewa na Idara ya Hariri ya Malkia Sirikit. Tausi wa dhahabu ni hariri ya mbegu asilia ya Thailand, iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono kwa njia ya jadi. Wa fedha hulegeza baadhi ya masharti hayo. Wa bluu ni hariri tupu isiyobanwa na njia ya jadi, wa kijani ni hariri iliyochanganywa na nyuzi nyingine. Kijijini, omba kuona chungu cha kuvutia uzi: vifukofuko vya manjano hutumbukizwa kwenye maji ya moto yasiyotokota kwa nguvu, na nyuzi za vingi hukusanywa kuwa uzi mmoja. Maji yakitokota sana vifuko huyeyuka gundi kupita kiasi na nyuzi hutatizana. Yakipoa, uzi hukatika. Lipa kwa baht taslimu, noti ndogo, na omba jina la kijiji liandikwe kwenye risiti. Tarehe usishangae ikisomeka 2568: ni 2025 kwa kalenda yao.